Mbingu ya Saa Tatu

Mtu atakaye kuijua mbingu ya pwani hana haja kwanza ya darubini, wala ya kitabu, wala ya mwalimu. Haja yake ya kwanza ni kuchagua saa moja ya usiku na kushikamana nayo mwaka mzima. Mimi nimeichagua saa tatu, kwa kuwa ni saa ambayo isha imekwisha kusaliwa, chakula kimekwisha kuliwa, watoto wamelala au wamejifanya kulala, na giza limetimia bila ya kusalia hata dalili ya nuru ya magharibi. Katika jambo hili sisi wa pwani tumejaaliwa neema ambayo watu wa nchi za kaskazini ya mbali hawanayo. Unguja iko kiasi cha digrii 6 tu kusini ya ikweta, Mombasa 4, Lamu 2 na kitu, na kwa ajili hiyo tofauti baina ya mchana wetu mrefu kabisa na mchana wetu mfupi kabisa haitimii saa moja. Jua huchwa takriban wakati ule ule Januari na Julai, na desturi yetu ya kuhesabu saa tangu kuchwa na tangu kucha haimpotoshi mtu. Mkaazi wa London atakaye kutazama nyota katika mwezi wa Juni hana budi kukesha hata karibu na usiku wa manane, na hapo napo mbingu yake haifikilii kiza kamili, ilhali kwetu saa tatu ni saa tatu, masika na kiangazi.

Akiisha kuishika saa hiyo, ataona jambo ambalo mtazamaji wa kubahatisha halioni. Nyota iliyokuwa leo juu ya mnazi fulani, kesho saa ile ile itakuwa imesogea kidogo upande wa magharibi, kesho kutwa kidogo tena, na baada ya mwezi mmoja itakuwa imeuacha mnazi ule mbali sana. Sababu yake ni kwamba nyota hazirudi mahali pao kila baada ya saa 24, bali kila baada ya saa 23 na dakika 56, kwa maana dunia, pamoja na kujizungusha yenyewe, imo katika safari yake ya kulizunguka jua, na kila siku hulazimika kujizungusha kidogo zaidi ya mzunguko mmoja ndipo iweze kulikabili jua tena. Dakika nne kwa usiku ni saa mbili kwa mwezi, na saa mbili kwa mwezi ni saa 24 kwa mwaka. Hivyo mbingu ya saa tatu hupita yote mbele ya macho, kundi baada ya kundi, na mwaka ukitimia hurejea pale pale. Tena, kwa kuwa tu karibu na ikweta, ni nyota chache mno tusizozipata. Mtu wa Ulaya hauoni Msalaba wa Kusini, na mtu wa Cape Town haioni nyota ya kaskazini. Sisi, ghairi ya kipande kidogo upande wa kaskazini, twaiona mbingu nzima kwa zamu.

Hesabu hii ya dakika nne ilikuwa na kazi kubwa katika maisha ya wazee wetu, kuliko tunavyodhani sisi tunaoamka kwa kengele ya simu. Mwaka wa dini ni mwaka wa mwezi mwandamo, nao una siku 354 au 355. Hupungua kwa siku 11 hivi mbele ya mwaka wa jua, na kwa sababu hiyo Ramadhani huzunguka majira yote, mara ikaangukia kiangazini, mara masikani, na baada ya miaka 33 hivi ikarudi ilikotoka. Kwa ibada mpango huo una hekima yake, maana haumwachi mtu wa nchi yoyote afunge mchana mrefu umri wake wote. Walakini mkulima hapandi mpunga kwa mwezi mwandamo, wala nahodha hatweki tanga kwa mwezi mwandamo. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi, Kusi hushika tangu Aprili hata Septemba, na baina yake huja maleleji, upepo usiojua uendako. Na pepo hizi hazijali kama ni Rajabu au ni Shaabani. Ikawa lazima pwani iwe na hesabu ya pili, nayo ilikuwa hesabu ya Nairuzi, yaani Siku ya Mwaka, ambayo watu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, wangali wakiiadhimisha kwa Mwaka Kogwa katika mwezi wa Julai: siku 365 zilizogawanywa kwa miongo, kila mwongo siku kumi, na siku tano za mwisho zikaachwa nje ya miongo. Mvuvi aliweza kusema kuwa samaki fulani hupatikana katika mwongo fulani, na mkulima akasema vivyo hivyo kwa mtama wake.

Hata hivyo hesabu ya Nairuzi nayo ina upungufu, kwani mwaka wa jua hauna siku 365 kamili bali una robo ya siku kasoro kidogo juu yake, na hesabu isiyoongeza siku moja kila miaka minne huteleza polepole, siku 24 hivi kwa karne, hata mwongo wa kupanda ukajikuta umekuwa mwongo wa kupalilia. Mwezi hukimbia, Nairuzi huteleza, na mvua huja ipendapo. Katika mashahidi wote hao aliyeaminika kuliko wenziwe ni nyota, na ndiyo maana naona kwamba elimu ya mbingu katika pwani hii haikuwa pambo la wanazuoni tu. Ilikuwa ni kadhi wa kuamua baina ya kalenda zilizogombana.

Tuanze na mbingu ya Kaskazi, kwa kuwa ndiyo rahisi kuliko zote. Mwishoni mwa Januari, saa tatu, asimame mtu penye uwazi, ainue uso wake juu kabisa, na karibu na utosi ataona nyota tatu zilizopangana mstari mmoja. Huo ni mshipi wa Jabari, kundi ambalo Wazungu huliita Orion, na mstari unaoigawa mbingu sehemu mbili sawa, yaani ikweta ya mbingu, hupita karibu kabisa na mshipi ule. Upande mmoja wa mshipi iko nyota nyekundu, Betelgeuse, na upande wa pili iko Rigel, nyeupe yenye kupiga kibuluu. Upande wa mashariki huwaka Shiira, nyota yenye nuru kuliko nyota zote za usiku, iliyotajwa kwa jina lake katika Kurani, katika sura ya An-Najm. Umbali wake ni miaka 8.6 ya mwendo wa nuru, ambao kwa hesabu za mbinguni ni ujirani. Anayedhani kwamba nyota hazibadiliki na aikumbuke Kaskazi ya 2019 na 2020, ambapo Betelgeuse ilififia mwezi baada ya mwezi hata katika Februari ikawa imepoteza zaidi ya nusu ya nuru yake, na watu wakaanza kunong'ona kwamba inakaribia kupasuka. Haikupasuka. Wanajimu walioichunguza wamekata shauri kwamba ilitapika sehemu ya mwili wake, na yaliyotapikwa yakapoa yakawa vumbi, vumbi likaiziba. Jambo hilo lilionekana kwa macho matupu kutoka katika ua wa nyumba yoyote, lakini sidhani kwamba ni wengi Afrika Mashariki walioliona, kwa maana mvua za vuli ya mwaka ule zilizidi kiasi, na mawingu yalikuwa yamefunga.

Chini ya Shiira, upande wa kusini, iko Suheli, nyota ya pili kwa nuru. Kwa mtu wa Maskati Suheli haiinuki zaidi ya digrii 14 juu ya upeo, na kuonekana kwake alfajiri katika siku za mwisho za Agosti ni bishara ya kuvunjika kwa joto kali, bishara ambayo watu wa Ghuba yote huingojea. Kwa mtu wa Unguja Suheli hupanda hata digrii 43, na haina bishara yoyote ya joto kwa sababu joto letu halivunjiki kwa namna hiyo. Nyota ni moja, na kazi yake ni mbali mbali, kwa kadiri ya mahali pa mtazamaji. Kusini zaidi ya Suheli, usiku usio na mbalamwezi, mtu ataona kama doa la ukungu lisilosogea na upepo. Hilo ni Wingu Kubwa la Magellan, jamii nzima ya nyota iliyo nje ya jamii yetu, na nuru yake huchukua miaka 160,000 hivi kutufikia.

Mbingu hii ndiyo waliyokuwa nayo mabaharia wa majahazi ya Omani na Ghuba walipoteremka na Kaskazi, wakileta tende na mazulia na samaki wa chumvi, na kungojea Kusi wapate kurejea na boriti za mikoko. Walipotoka kwao Suheli ilikuwa chini na nyota ya kaskazini, waliyoiita Jah, ilikuwa juu. Kila walivyozidi kushuka mambo yaligeuka, hata wakafika mahali ambapo Jah ilizama baharini kabisa wasiione tena. Kimo cha nyota hiyo ndicho kilichowaambia wapo bandari gani. Chombo chao kilikuwa kamal, ubao mdogo wa pembe nne wenye uzi katikati, na uzi una mafundo: nahodha huliuma fundo kwa meno, akaunyosha uzi, akaulinganisha ukingo wa chini wa ubao na upeo wa bahari, na ukingo wa juu na nyota. Kipimo kilihesabiwa kwa isba, yaani kidole, ambacho ni zaidi kidogo ya digrii moja na nusu. Jah ilipokuwa chini mno kupimika, walipima kwa jozi ya nyota iitwayo Farkadani, na kusini zaidi kwa nyota za Naashi, na vitabu vyao viliorodhesha bandari za pwani hii, kila moja na kimo chake.

Aliyeiandika elimu hiyo kwa upana kuliko wengine ni Shihabuddin Ahmad bin Majid, mtu wa Julfar, katika pande ambazo leo ni Ras al-Khaimah, aliyekitimiza kitabu chake kikubwa cha fawaidi za bahari mnamo 1490, na ambaye miongoni mwa kasida zake imo moja ihusuyo njia ya Sofala. Kisa cha kwamba yeye ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hata Calicut katika 1498 husimuliwa sana mashuleni, walakini wataalamu wengi wa leo hawakikubali, nami sioni kwamba Ibn Majid hupungukiwa na chochote kikiondolewa. Mtu aliyeipima bahari nzima ya Hindi kwa uzi na ubao hahitaji kusifiwa kwa mgeni aliyemfuata. La ajabu zaidi ni kwamba nyota aliyoitegemea haikuwa mahali ilipo leo. Katika zama zake Jah ilikuwa imepishana na ncha ya mbingu kwa kiasi cha digrii tatu na nusu, ilhali leo haitimii hata digrii moja, na kwa hivyo kila kipimo chake kilihitaji kusahihishwa kwa kuangalia ni nyota zipi nyingine zilizokuwa juu wakati ule. Alijua hayo, na akayaandikia kanuni.

Masika huificha mbingu kwa wiki nzima nzima. Lakini mvumilivu hulipwa, kwani usiku unaofuata mvua kubwa, mawingu yakipasuka, hewa huwa imeoshwa vumbi na moshi wote, na hakuna mbingu safi kama hiyo katika mwaka. Mnamo Mei, saa tatu, Msalaba wa Kusini husimama wima upande wa kusini, nao kushoto kwake una nyota mbili zing'aazo zinazouelekeza. Ya mbali kidogo na Msalaba ni Alpha Centauri, ambayo kwa hakika ni nyota tatu zilizo pamoja, na ndizo jirani za karibu kabisa za jua letu, umbali wa miaka minne na kitu ya mwendo wa nuru. Vitabu vya wageni hufundisha kwamba mtu ataipata ncha ya kusini ya mbingu kwa kuurefusha mti wa Msalaba mara nne na nusu. Unguja hesabu hiyo ni ya bure, kwa kuwa ncha yenyewe iko digrii 6 tu juu ya upeo, ndani ya ukungu wa bahari. Msalaba ukisimama wima yatosha kushusha macho moja kwa moja hata chini, na pale yagusapo bahari ndipo kusini.

Na katika Mei hiyo hiyo ndipo hutukia tukio kubwa kuliko yote ya mwaka wa nyota wa pwani, nalo ni tukio la kutoonekana kitu. Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota ambazo jicho la kawaida huhesabu sita, katika Aprili kilikuwa kikionekana chini upande wa magharibi baada ya jua kuchwa, kila siku chini zaidi, na mwanzoni mwa Mei kinazama ndani ya nuru ya machweo na kutoweka. Hukaa huko kiasi cha wiki tano au sita, jua likiwa limesimama baina yetu nacho, na katikati ya Juni, mwenye macho mazuri akiamka kabla ya alfajiri na kutazama kaskazini mashariki, hukiona kimezuka upya. Wazee wakasema: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Wengi huichukulia kauli hiyo kuwa kitendawili, kumbe ni taarifa ya hali ya hewa. Nusu yake ya pili ni mwaka wa kawaida: Kilimia huzama mvua za masika zikiwa bado zinanyesha, na hurudi zikiwa zimekoma, Kusi imeshika na kipupwe kimeingia. Nusu ya kwanza naiona kuwa ni onyo, kwamba Kilimia kikizama mbingu ikiwa kavu, basi masika yamechelewa, na mkulima asitupe mbegu zake kwa kukata tamaa. Wala watu wa pwani si peke yao katika hili. Waxhosa wa Afrika Kusini, ambao hukiita isiLimela, walihesabu miaka ya utu uzima wa mwanamume kwa mara alizokiona kishada hicho kikirudi baada ya kutahiriwa. Kwa nini nyota zilizo mbali kiasi cha miaka 440 ya nuru zijue habari za mpunga wa Rufiji? Hazijui kitu. Mwenye kujua ni jua, kwa maana ukanda wa mvua wa dunia hulifuata jua linapokwenda kaskazini na kusini, ukatupita sisi mara mbili kwa mwaka, mara ya kwanza ni masika na mara ya pili ni vuli. Na Kilimia, kwa kuwa kimekaa karibu na njia ya jua, hutangaza tu jua limefika wapi. Mvua yenyewe ina mambo mengine yanayoichelewesha au kuizidisha, hasa joto la bahari: mwishoni mwa 1997 maji yalinyesha hata barabara na madaraja yakachukuliwa, na mafuriko yakaingia mwaka uliofuata, na Kilimia hakikuwa kimepishana na desturi yake hata kwa usiku mmoja. Afanyaye kosa la kutaka nyota imhakikishie mvua asiilaumu nyota. Nyota humwambia wakati wa kuwa tayari, hayo tu.

Sasa nafika kwenye mbingu niipendayo kupita zote, mbingu ya kipupwe. Julai, saa tatu, Akrabu yuko juu, na hapa sina haja ya kumsaidia msomaji kwa maelezo mengi, kwa maana katika makundi yote ya falaki huyu ndiye pekee afananaye kweli na jina lake: kichwa, moyo mwekundu uitwao Antares, mgongo uliopinda, na mkia uliokunjwa wenye mwiba. Nyuma yake huja Kausi, na baina ya mkia wa Akrabu na Kausi ule ukanda mweupe wa nyota, Njia Nyeupe, huwa mpana na mnene kuliko popote pengine. Sababu ni kwamba pale tunatazama kitovu cha jamii yetu ya nyota, umbali wa miaka 26,000 na zaidi ya mwendo wa nuru. Mei 2022 wanajimu walitoa picha ya kile kilicho kitovuni, shimo jeusi lenye uzito wa majua milioni nne. Watu wa Ulaya hukiona kitovu hiki chini, katika mavumbi ya upeo, na wakati wa usiku wao mfupi. Kwetu hupita juu sana, katika usiku mrefu, majira ya kiangazi cha bara. Aliyesimama Dodoma au Tsavo usiku wa Agosti usio na mwezi ameona jambo ambalo matajiri wa nchi nyingine husafiri kulitafuta, na pengine hakulipa hata dakika moja, alikuwa akishughulika na gari lililoharibika.

Kipupwe kikiisha na demani ikiingia, Septemba, upande wa kaskazini huonekana kundi ambalo Wazungu hulifananisha na bata maji, Cygnus, nalo lina historia yake katika pwani hii ambayo ni wachache waijuao. Katika Ghuba ya Ngwana, karibu na Malindi, Waitaliano walijenga jukwaa baharini, San Marco, la kurushia roketi, kwa kuwa roketi irushwayo karibu na ikweta huazima kasi ya mzunguko wa dunia kwa wingi zaidi. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya Wamarekani, ya kwanza duniani iliyoundwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza nyota zitoazo eksirei. Na kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru wake, setilaiti ikapewa jina la Uhuru. Katika miaka michache ya uhai wake ilikusanya orodha ya vyanzo 339 vya eksirei, na kimoja, Cygnus X-1, kilichunguzwa hata kikawa shimo jeusi la kwanza ambalo wataalamu wengi walilikubali. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi hiyo, alipewa tuzo ya Nobel katika 2002. Kwa hivyo mtu wa Malindi akitazama kaskazini saa tatu za Septemba anatazama mahali ambapo chombo kilichoondoka mbele ya ufuo wake kilikwenda kupachunguza, na jambo hili, kwa maoni yangu, lastahiki kufundishwa huko kabla ya Vasco da Gama na nguzo yake.

Oktoba ni mwezi maskini wa nyota kubwa, na vuli ikifika mawingu hurudi, kwa hivyo sitakaa hapo. Wakati huo ni bora kuzifuata sayari, ambazo hazitii ratiba ya majira: Mushtari huhama takriban buruji moja, yaani kundi moja la njia ya jua, kila mwaka, Zohali hukaa zaidi ya miaka miwili katika kila buruji, na Zuhura hutokea mara alfajiri, mara magharibi, akirudia mwendo wake kila miaka minane karibu kabisa na tarehe zile zile. Katika Novemba Kilimia huchomoza mashariki jua lichwapo, na Desemba, kiasi cha tarehe 14, huja vimondo vya Mapacha, ambavyo wazee husema ni vya kuwarushia mashetani wasikilizao mlangoni pa mbingu, na ambavyo wanajimu husema ni mavumbi ya jabali moja la angani, Phaethon. Hapa saa tatu haitoshi. Vimondo huzidi kuelekea usiku wa manane, na mtu huhitaji mkeka na kahawa.

Saa nyingine ambayo namwomba msomaji aijaribu, angalau mara chache, ni saa kumi na nusu ya usiku. Waendao msikitini wanajua kwamba kuna alfajiri mbili, ya uongo na ya kweli, na kwamba ile ya uongo haimharamishii mfungaji daku yake. Alfajiri ya uongo ni mwanga mwembamba usimamao kama nguzo upande wa mashariki, kisha hufifia au kumezwa. Ya kweli hutanda kwa upana juu ya upeo na haifi. Sheria iliipambanua karne nyingi kabla ya kujulikana sababu yake, nayo ni vumbi lililotanda baina ya sayari, kwenye njia ile ile ya buruji, linaloangazwa na jua ambalo bado liko chini. Karibu na ikweta njia hiyo husimama karibu wima, na kwa hivyo nguzo hiyo kwetu huonekana vizuri kuliko kwa watu wengi wa dunia.

Lakini nguzo hiyo haionekani kamwe Dar es Salaam, wala Mombasa kisiwani, na katika Mji Mkongwe huonekana kwa shida, umeme ukikatika. Taa zimeongezeka, na si haki kuzilalamikia zote, kwa maana mwanamke arudiye kazini saa tatu ana haja na taa ya barabarani kuliko mimi nilivyo na haja na Kilimia. Ila sehemu kubwa ya nuru ile haiendi barabarani. Huenda juu, ikamulika mawingu na popo, na mwenye kulipia umeme akailipia pia. Taa yenye kifuniko juu yake humulika chini tu, na kifuniko ni kipande cha bati ambacho fundi yeyote wa Gerezani, Dar es Salaam, hukikunja kabla ya adhuhuri.